Wazazi wa Dar, chandarua kimfuate mtoto

Mama Kigogo (mleta uzi)

Salaam wazazi wenzangu, na wakubwa mliomo humu shikamooni.

Masika imeshika. Jana jioni nikipita kwa jirani nilimkuta mtoto wa miezi 4 kalazwa kwenye mkeka kibarazani, kavaa fulana na nepi, miguu wazi, saa 1 usiku. Mama yake anachagua mchele hapo hapo pembeni. Na ni mama makini, chumbani kwake chandarua kimefungwa vizuri kuliko changu. Tulimwingiza mtoto ndani, tukaongea, nikarudi nyumbani nimeamua kuandika, maana kosa hilo nililifanya mimi na likanilaza wodini na mwanangu siku 5.

Nakaa Kigogo, upande wa kushukia bonde la Msimbazi. Mtoto wangu wa kwanza aliugua malaria akiwa na miezi 7. Chandarua tulikuwa nacho, kipya, kile nilichopewa kliniki hudhurio la kwanza la mimba yake. Kila siku saa 4 usiku namwingiza, nachomekea pande zote chini ya godoro. Kwa hiyo majibu ya kipimo yalipotoka nilikataa kabisa, nikadhani wamechanganya na ya mtoto mwingine.

Usiku wa pili pale wodini, homa imeshuka, nilikuwa namfuta mwili kwa kitambaa ndipo nikatulia kumwangalia. Alama za mbu zilikuwa kwenye vifundo vya miguu, kwenye nyayo, nyuma ya shingo na kwenye mkono mmoja. Tumbo na mgongo safi. Nikajiuliza mbona zimekaa hivyo, hadi nikakumbuka ninavyombeba. Mtoto akiwa ndani ya mbeleko, vinavyobaki nje ni miguu, shingo na ule mkono anaouchomoa. Mwanangu hakung'atwa kitandani. Aling'atwa mgongoni kwangu, mimi nikiwa uani napika.

Nikahesabu saa zake. Saa 12 jioni anaogeshwa na kupakwa mafuta. Kuanzia hapo hadi saa 2 yuko mgongoni, nje, kwenye jiko la mkaa. Saa 2 hadi saa 4 amelala kwenye kochi, sisi tunaangalia taarifa ya habari na tamthilia. Saa 4 ndiyo chandarua. Alfajiri saa 11 naamka kukinga maji kabla hayajakatika, naye namtoa kwa sababu hakubali kubaki, na giza bado. Jumlisheni. Ni kama saa 5 za giza kila siku, na mimi nilikuwa najiona mama mlinzi kwa sababu ya zile zilizobaki.

Mbu wa malaria, Anofelesi jike, anaanza kutafuta damu jua likizama na anaendelea hadi kunapambazuka. Hasubiri watu walale. Watafiti waliofuatilia mbu wa Dar miaka ya 2000 waliona kwamba Anofelesi wa mjini kwetu wanang'ata sana nje ya nyumba. Tena wakimkuta mtu amekaa hushambulia zaidi miguu, kwa sababu hutafuta damu chini chini, karibu na ardhi. Sasa fikirieni mtoto aliyelazwa mkekani: mwili wake wote uko usawa wa miguu yetu.

Na mtoto mchanga hana mkono wa kumpiga mbu. Hawezi kujigeuza, hawezi kusema anawashwa wapi. Mbu anakunywa hadi anashiba. Miezi ya mwanzo mtoto anakuwa na kinga kidogo aliyotoka nayo kwa mama, lakini inapungua kadiri miezi inavyokwenda, na karibu na nusu mwaka ndipo wengi wanaanza kuangukia kwenye malaria kali. Mwanangu alikuwa hapo hapo.

Ninachowaomba ni hiki: mfuateni mtoto kwa saa zake, siyo kwa saa zenu za kulala. Anapolala, popote, saa yoyote, chandarua kiwe hapo.

Kwa mtoto wa pili nilipanga upya hivi. Kuoga nikarudisha nyuma, saa 10 na nusu, ili ikifika saa 12 awe ameshavaa. Nguo ni suruali nyepesi ya pamba iliyopwaya, ile yenye miguu iliyofungwa, na mikono mirefu. Nguo ya kubana haisaidii sana, mbu anachoma juu yake. Rangi nachagua za kufifia kwa sababu nyeusi na bluu iliyoiva zinawavuta mbu. Soksi ni lazima akiwa mgongoni, na juu ya mbeleko naongeza khanga nyepesi inayofunika miguu na kushuka chini. Uso haufunikwi kamwe, mtoto apumue.

Nilinunua pia chandarua cha mwamvuli, kile kidogo kinachofunguka kama mwavuli wa chakula. Hicho ndicho kinachotembea: sebuleni, kibarazani, kwa bibi yake, hata mchana. Vingi vya aina hiyo havina dawa, kwa hiyo mtoto akigusisha mkono au goti kwenye wavu, mbu anamfikia kutoka nje. Chagueni kipana, mtoto mlazeni katikati, na akianza kugeuka na kutambaa tafuteni kingine, maana anaweza kukiangusha kikamfunika usoni.

Kupika nako nilibadilisha. Mboga na samaki namaliza kabla ya saa 12, jioni inabaki kupasha na kusonga ugali. Najua si kila mtu anaweza. Anayerudi kazini saa 1 na foleni za Dar hana nafasi hiyo. Huyo amwambie dada wa kazi au bibi: jua likizama, mtoto ndani ya wavu.

---

Dada wa Mbagala

Ahsante mama, umenigusa. Wa kwangu ana wiki 5. Hapa Mbagala mbu ni wengi mno hasa mvua ikinyesha. Nimeenda duka la dawa wakanipa losheni ya kufukuza mbu, muuzaji kasema ni ya watoto, nipake mwili mzima usiku. Niko sahihi? Na mama mkwe anataka nichome ile dawa ya mviringo chumbani kabla hatujalala.

---

Mama Kigogo (mleta uzi)

Mdogo wangu, usipake. Wiki 5 bado ni mdogo mno. Geuza chupa usome viambato. Ukiona DEET, ile kemikali ya kufukuza mbu, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinasema isipakwe kabisa kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, na akishavuka hapo isizidi asilimia 30. Ukiona mafuta ya mkaratusi wa limau, hayo yasipakwe hadi afikishe miaka 3. Neno "mtoto" kwenye kopo wala picha ya katuni havikuambii umri. Na kama kopo halina orodha ya viambato, lirudishe dukani.

Akikua na ikalazimu, mfano mnakwenda msibani na mtakesha nje, unapaka kiasi kwenye kiganja chako kwanza kisha unampaka sehemu zilizo wazi tu. Usipake mikono yake, kwa sababu ataitia mdomoni. Usipake karibu na macho na mdomo, wala penye kidonda au vipele, wala chini ya nguo. Mkirudi mwogeshe kwa sabuni. Na usipulize usoni, hata akiwa mkubwa.

Wewe mwenyewe unaweza kupaka, hata ukiwa unanyonyesha. Acha kifua, na nawa mikono kabla ya kumshika. Ukifanya hivyo mbu wanaokujia wewe pale mgongoni wanapungua.

Kuhusu ile ya kuchoma, mpe mama mkwe heshima zake lakini chumbani kwa mtoto isiingie. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliopima moshi wake: mviringo mmoja ukiungua hadi mwisho unatoa chembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Zile chembe zinashuka moja kwa moja mapafuni. Mtoto wa wiki 5, madirisha yamefungwa, mnalala naye humo hadi asubuhi! Akitaka sana kuichoma iwe nje kabisa, uani, upepo ukitoka upande wa nyumba kwenda nje.

---

Baba Wawili

Mimi natumia ya kupuliza ya kopo. Napuliza chumba saa 12, nafunga mlango, saa 2 naingiza watoto. Kuna ubaya?

---

Mama Kigogo (mleta uzi)

Kaka, kama ni ya kopo yenye lebo na maelekezo, na watoto hawamo, ukapuliza kisha ukafungua madirisha yenye wavu hewa ikabadilika ndipo wakaingia, hapo umejitahidi. Godoro la mtoto, nguo zake na midoli vitoe kwanza au vifunike.

Ninachoogopa mimi ni zile dawa za kupimiwa, zinazopitishwa mtaani kwenye vichupa vya maji au vya soda bila lebo. Nyingine ni dawa za shambani. Muuzaji anakwambia inaua mbu, mende, kunguni na panya, vyote kwa pamoja. Kitu hicho kikikaa kwenye kichupa cha soda ndani ya nyumba yenye mtoto anayeanza kutambaa, kwangu ni hatari kubwa kuliko mbu mwenyewe.

Na hapo hapo nitaje vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo kabatini. Watu wengi wanaviweka kwenye sanduku la nguo za mtoto, wengine chini ya kitanda wakiamini vinafukuza mbu. Vile vya naftalini si salama kwa mtoto mchanga. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kwetu ukanda wa pwani hali hiyo ni ya kawaida. Mtoto wa namna hiyo akivuta harufu ile au akivaa nguo iliyokaa navyo, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika, akawa na manjano kali na kupungukiwa damu. Nguo zilizokaa navyo msimvalishe.

---

Mjukuu wa Bibi Zuchi

Shikamoo dada. Bibi yangu anasema enzi zao hakuna losheni wala kopo. Walichoma kivumbasi na maganda ya machungwa, na mtoto walimpaka mafuta ya nazi yenye mchaichai. Watoto walikua. Je, hizo za asili si bora kuliko kemikali?

---

Mama Kigogo (mleta uzi)

Marahaba. Bibi hajakosea kuhusu kivumbasi, harufu yake mbu hawaipendi na watafiti wameipima wakakubali inapunguza. Panda kivumbasi dirishani na mlangoni, ni mmea mzuri. Ila ukiuchoma unakuwa moshi, na mapafu ya mtoto hayatofautishi moshi wa kivumbasi na wa duka.

Mchaichai nao unafukuza mbu, lakini kwa muda mfupi, harufu ikishapotea mbu wamerudi. Na yale mafuta makali ya vichupa vidogo, ya mchaichai, mkaratusi au kafuri, yanaunguza ngozi laini. Kafuri ndiyo mbaya zaidi, mtoto akiimeza au ikapita kwenye ngozi kwa wingi inaweza kumletea degedege. Mafuta ya nazi matupu kwa ngozi kavu sawa, mpake, lakini usihesabu kwamba umemkinga mbu.

Enzi za bibi watoto walikua, kweli. Na wengine walizikwa, naye bibi anawakumbuka kwa majina, muulize kwa upole.

---

Kijana wa Sinza

Mleta uzi, mimi naona mnatishana. Malaria Dar imepungua sana. Mimi nina miaka 8 sijaugua. Hawa mbu wanaotusumbua hapa ni wale wa chooni tu, wanawasha basi.

---

Mama Kigogo (mleta uzi)

Kupungua imepungua, na namshukuru Mungu. Nchi nzima, watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 18 kwenye upimaji wa 2007/08, na asilimia 8 mwaka 2022. Dar iko chini ya hapo. Lakini mtoto anayekulia mahali penye malaria kidogo hajengi kinga, na siku mbu mmoja mwenye vimelea akimpata, anaugua vibaya. Kaka, wewe ni mtu mzima. Usipime hatari ya mtoto mchanga kwa mwili wako.

Ni kweli pia wengi wanaotupigia kelele masikioni ni Kuleksi, wa kwenye mashimo ya vyoo, chemba na mitaro ya maji machafu. Hao ndio wanaoeneza vimelea vya matende na mabusha hapa pwani. Si "kuwasha tu".

Na kuna wa tatu ambaye uzi huu sikumtaja mapema, nimekosea. Aedesi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Anang'ata mchana, zaidi asubuhi na alasiri kabla jua halijazama. Huyo ndiye wa dengi, homa ya kidingapopo. Dar tulipata mlipuko mwaka 2014 na tena 2019, wengi wenu mnaukumbuka. Yeye hahitaji mtaro, anataka maji safi yaliyotuama: diaba la akiba, ndoo uani, tairi, kisahani chini ya chungu cha maua, kifuu. Na sisi kwa mgao wa maji kila nyumba ina diaba. Kwa hiyo usingizi wa mchana wa mtoto nao ni wa ndani ya chandarua. Ndiyo maana nilisema saa yoyote.

Diaba lifunikwe kwa mfuniko unaobana au kitambaa kilichofungwa kwa mpira. Mara moja kwa wiki mwage, ulisugue kuta zake kwa brashi, siyo kusuuza tu, kwa sababu mayai ya Aedesi yanang'ang'ania ukutani na yanastahimili ukavu kwa miezi. Kwa joto la Dar, yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10. Ukisugua kila wiki unamkata njiani.

---

Fundi wa Tabata

Mimi ni fundi wa milango na madirisha, naongezea. Watu wanaweka wavu dirishani wanasahau vitu viwili. Kwanza ni uwazi kati ya ukuta na paa kwa nyumba zisizo na dari. Anofelesi anapenda sana kupita pale. Hata kama huna hela ya dari chumba kizima, ziba ule uwazi kwa wavu huo huo. Pili ni mlango. Wavu dirishani, mlango uko wazi kuanzia saa 12 hadi saa 3 watoto wanaingia na kutoka! Fremu ya mbao na wavu, bawaba mbili na springi ya kuurudisha, si kazi kubwa. Mwenye nyumba akigoma kukuwekea, tengeneza ya kubandua utahama nayo.

Wavu ukichanika uzibe siku hiyo hiyo kwa sindano na uzi. Tundu la kupita kidole mbu anaona ni geti.

---

Mama Kigogo (mleta uzi)

Fundi, Mungu akubariki, nyumba yetu ilikuwa na huo uwazi juu na sikuwahi kuutazama.

Hata chandarua cha kitandani ni hivyo hivyo. Kikiwa kipya, kitundike kivulini siku 1 kabla ya kukitumia. Kufua ni kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, bila kuloweka, bila dawa za kung'arisha, na kianikwe kivulini kwa sababu jua linaua dawa. Mkikifua mara moja kila miezi 3 inatosha, vimetengenezwa vidumu kama miaka 3. Wengi tunafua kila wiki kwa sababu ya vumbi, halafu tunalalamika havina nguvu. Na msiache kukidai: unapewa hudhurio la kwanza la mimba, na kingine mtoto akienda chanjo ya surua ya miezi 9. Kama siku hiyo havipo, ulizeni vitakuja lini na mrudi.

Joto ndilo malalamiko makubwa, nalijua, Februari ya Dar ndani ya chandarua ni mateso. Feni inasaidia mara mbili: inapoza, na mbu ni mrukaji dhaifu, upepo unamsukuma. Ielekeze miguuni, siyo usoni mwa mtoto. Umeme ukikatika mvueni mtoto abaki na nepi ndani ya chandarua, wavu wenyewe unatosha kuwa nguo yake. Wala msimtoe kumpeleka kibarazani kupunga upepo.

---

Mama Mapacha

Wangu waking'atwa wanavimba sana, uvimbe unakuwa kama shilingi na maji juu. Dada mmoja kaniambia nipake dawa ya meno.

---

Nesi Mstaafu

Mama Mapacha, dawa ya meno acha, inachoma. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi kwa dakika chache, na kata kucha zao fupi. Losheni ya kalamini inatuliza, isiwe karibu na macho wala mdomo. Kinacholeta vidonda ni kujikuna. Ukiona wekundu unatanuka, usaha, au homa juu yake, peleka kituoni.

Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi na naomba niseme jambo ambalo limeniumiza sana. Mtoto anapata homa, kisha anakakamaa, macho yanageuka juu. Nyumbani wanasema ni degedege, ni la kishetani, sindano itamuua. Anapelekwa kwanza kufukizwa na kufungwa hirizi. Analetwa kwetu siku ya pili amepauka midomo na viganja, hapumui vizuri. Degedege lenye homa kwa mtoto wa Kitanzania lichukulieni kuwa malaria kali hadi kipimo kikatae, au homa ya uti wa mgongo, na yote mawili hayana muda wa kusubiri. Sindano haimuui. Kuchelewa kunamuua.

Mtoto chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, nenda saa hiyo hiyo, usimpe panadoli ukasubiri kukuche. Mkubwa kuliko huyo: akigoma kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea na kuwa mgumu kuamka, akipumua haraka, ondoka. Kipimo cha haraka cha malaria kinachukua tone la damu na majibu ni ndani ya nusu saa. Msinunue dawa mseto ya malaria kwa kukisia, dozi ya mtoto inafuata uzito wake. Na kwa sababu dengi ipo mjini, homa isiyojulikana msiishushe kwa aspirini wala ibuprofeni, zinaweza kuleta kutoka damu.

---

Mama Kigogo (mleta uzi)

Shikamoo nesi. Nimesoma mara mbili. Wazazi, hilo aliloandika mama yetu lisomeni kwa sauti mbele ya bibi na dada wa kazi, kwa sababu mtoto akishikwa homa saa 5 asubuhi wao ndio wako naye.

---

Mkazi wa Buguruni

Tunazungumzia kumfunika mtoto, na mashimo ya vyoo je? Kwetu hapa ukifunua mfuniko wa choo jioni mbu wanatoka kama moshi. Nakumbuka mwaka 2006 kulikuwa na vijana wa mtaa wanapita kumwaga dawa ya viluwiluwi kwenye madimbwi, Buguruni, Kurasini na Mikocheni. Sasa siwaoni.

---

Mama Kigogo (mleta uzi)

Kumbukumbu yako ni sahihi, kata hizo 3 ndizo zilianza. Dawa ile ni bakteria anayeua viluwiluwi na hana madhara kwa mtu, na tangu 2015 Kibaha kuna kiwanda cha kutengeneza dawa za aina hiyo. Ulizeni ofisi ya mtaa kwenye mkutano, kwa maandishi, ratiba ya kata yenu ni lini. Sisi hapa tumeuliza.

Kwa choo chenyewe, bomba la hewa lifungwe wavu juu, na mfuniko ukae. Makunduchi kule Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga punje nyepesi nyeupe za plastiki, kama zile zinazokuja ndani ya maboksi ya televisheni, kwenye mashimo ya vyoo yenye maji. Zikaelea zikafunika uso wa maji, viluwiluwi wakakosa hewa, na Kuleksi wakapungua mno. Watu walipewa na dawa ya matende pamoja. Sijui kwa nini jambo rahisi hivi silioni kwenye mashimo ya vyoo vya huku kwetu, na linaniuma.

---

Baba Wawili

Swali la mwisho dada. Ijumaa tunakwenda Kibiti, mkoa wa Pwani, kwa babu, wiki 2. Mdogo ana miezi 6. Basi la alfajiri. Nibebe nini?

---

Mama Kigogo (mleta uzi)

Beba chandarua chenu cha kitandani, msitegemee cha mwenyeji, pamoja na kamba na misumari 4. Cha mwamvuli kwa ajili ya kibarazani, maana kwa babu watu hukaa nje hadi usiku. Stendi alfajiri bado ni giza, kwa hiyo mtoto atoke nyumbani ameshavaa soksi na suruali, na khanga juu ya miguu. Mkifika, kabla hamjasalimia wote, angalieni mtakapolala na mfunge chandarua mchana, kwa sababu saa 1 usiku taa hakuna na mnashindwa kuona pa kupigilia.

Mkirudi Dar, mwangalie kwa wiki 4. Malaria haioneshi siku ile ile, mara nyingi ni kuanzia siku ya 7 na kuendelea. Akichemka, mwambieni mhudumu neno la kwanza kabisa: tulikuwa Kibiti. Nesi, kama nimesahau kitu kwenye safari yao, mwongezee.

---

Nesi Mstaafu

Kadi ya kliniki ya mtoto. Waibebe.